Iliandikwa Saa Kumi Usiku

Butembo, Jumatatu 24 Februari 2025

Paulin mdogo wangu,

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu unanikata maneno. Nikisema mawili wewe umeshasema matano, halafu réseau inapotea na kila mtu anabaki na hasira yake mkononi. Kwenye karatasi utanisoma mpaka mwisho, upende usipende. Dereva Lukman anashuka Beni kesho na gari lake, nimempa barua hii pamoja na mfuko wa viazi. Kula viazi kwanza, ndipo usome.

Leo préfet, mkuu wa shule, ameniita. Mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja, nimekalishwa kwenye benchi la wanafunzi kama niliyevunja dirisha. Akaniambia mbele ya secrétaire wake: « Mama, mutoto yako anakuyaka huku kulala tu. Huku ni masomo, hapana dortoir ya kulala. »

Binti yako Ornella analala darasani saa ya kwanza. Kila siku. Na saa ya kwanza ni hesabu, lile somo ulilokuwa unanisumbua nalo kila Noeli: binti yangu ni wa kwanza darasani, binti yangu ni wa kwanza. Trimestre hii amepata mbili kwa ishirini. Mbili, Paulin! Hata mimi niliyeacha shule kwa ajili ya kukubeba wewe mgongoni ningepata tatu.

Sasa sikiliza vizuri. Préfet ametengeneza karatasi anayoiita fiche. Kuanzia tarehe 3 Machi, kila siku ambayo Ornella atakaa macho saa nzima ya kwanza na kufanya kazi, prof wa hesabu atatia sahihi. Zikifika sahihi kumi kabla ya Ijumaa tarehe 28 kwisha, jina lake litaingia kwenye orodha ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Zikiwa tisa, haliingii, na mwaka mzima wa sixième, mwaka wake wa mwisho, umekwenda na maji.

Na usije kuniambia kwamba kwangu mtoto halali. Saa tatu za usiku nazima taa. Saa kumi na nusu nagonga sahani, wote tunaamka: sala, maji, kufagia dépôt, ghala langu la biashara, kupanga katoni za sabuni, chai. Saa tatu mpaka saa kumi na nusu, hesabu mwenyewe, wewe ndiye infirmier, muuguzi wa watu. Na bado asubuhi anakaa mbele ya kikombe chake kama mtu aliyefiwa. Ukimsemesha anajibu neno moja. Juzi aliangusha katoni moja tu, akaanza kulia mpaka wateja wakaniuliza nimemfanya nini.

Simu nimemnyang'anya. Nilimkuta nayo chini ya blanketi ikimwangaza uso. Eti alikuwa anasoma. Ni mvulana huyo, mimi si mtoto.

Niambie la kufanya, na usinijibu kwa kelele.

Dada yako mkubwa, aliyechoka,
Godelive


Beni, Alhamisi 27 Februari, saa kumi usiku
Centre de santé, meza ya zamu

Yaya,

Nimesoma. Viazi vimefika, dada yangu.

Huu ni usiku wangu wa tano mfululizo. Mama mmoja amezaa saa nane, mwingine analia tangu jioni, essence ya groupe, jenereta yetu, imekwisha na ninaandika kwa tochi ya kichwani. Mimi nisiyelala ninafanya kazi. Yeye anayelala usiku kucha anaenda kulala tena darasani.

Mtoe shuleni. Usingoje sahihi za mtu. Mtoe Jumatatu, mpandishe gari aende Mutwanga kwa mama yake akakaushe kakao. Rébecca yuko peke yake na shamba na wale wadogo, atafurahi kupata mikono miwili.

Nilimtoa Beni ili asome bila kusikia risasi. Nilimwombea nafasi kwako, ingawa naujua ulimi wako. Kila mtu hapa kazini nimemwambia: binti yangu atakuwa ingénieur. Wananiuliza habari zake, niwajibu nini? Kwamba anakoroma?

Nilikosea. Huyu mtoto hana kitu kichwani. Ningejua ningeliweka tumaini langu kwa mdogo wake. Usimwonee huruma, mimi simwonei.

Paulin


Butembo, Jumapili 2 Machi 2025

Paulin,

Sijafanya. Na usinipigie simu kuuliza kwa nini, soma.

Juu kabisa ya barua yako umeandika kwa mkono wako mwenyewe: saa kumi usiku. Basi nikaenda kutafuta zile nyingine. Mwaka jana uliniandikia saa kama hiyo kwamba tuuze kiwanja cha marehemu Baba, na kwamba mimi ni mwizi. Siku mbili baadaye ukaniletea kuku, umeinamisha kichwa. Kabla ya hapo uliandika kwamba unaacha kazi. Kabla ya hapo, kwamba Rébecca hakupendi tena. Zote za usiku, zote umekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Sikuuza kiwanja, hukuacha kazi, na Rébecca anakupenda, sijui kwa nini.

Hii mpya nimeitia kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati, chini ya saa, pamoja na ndugu zake. Kopo linakaribia kujaa. Ornella hajui. Nimemwambia tu: baba yako anakusalimia.

Lakini usifikiri ninamtetea. Alhamisi nilimwita Mama Jokébed wa kikundi chetu cha sala aje amwombee. Mama wa watu alikuja na mvua, akamweka Ornella magoti, akamshika kichwa, akakemea roho ya usingizi nusu saa nzima mpaka sauti ikamkauka. Tulipofumbua macho, mtoto amelala, magotini vilevile, paji la uso kwenye kiti. Mama Jokébed akaniangalia, akasema: « Godelive, hii pepo iko na nguvu sana. » Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikabaki sijui nianze na kipi.

Kesho fiche inaanza. Wewe lala, Paulin. Lala kwanza, ndipo uniandikie.

Godelive


Beni, Jumapili 9 Machi 2025, saa kumi jioni, nimelala vizuri

Yaya mpenzi,

Barua ile, kusema kweli, sikumbuki vizuri nilichoandika. Nakumbuka tochi na yule mama aliyekuwa analia. Kama maneno yalikuwa mabaya, yaache huko kwenye kopo.

Nina habari, na tafadhali usome bila kucheka. Ijumaa daktari mmoja alikuja kutufundisha sisi wote wa zamu za usiku. Nilienda kwa ajili ya chai. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: « Mukigombana na bibi zenu, munagombanaka saa ngapi? » Tukacheka. Halafu kila mtu akaanza kujibu, na kicheko kikakwisha. Wote ni asubuhi tukitoka zamu, au ni simu za saa kumi usiku.

Anasema ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna saa. Ndogo, haifiki punje ya mchele, lakini ndiyo inayouamuru mwili wote: sasa joto lipande, sasa njaa, sasa usingizi. Inajipanga kwa mwanga wa jua. Ukiilazimisha kinyume, usiku uwe mchana, haikubali, na wa kwanza kuharibika ni moyo wako. Mambo madogo yanakuwa makubwa. Unaona watu wote wanakudharau. Nilikaa pale na chai yangu nikafikiria kile kiwanja cha Baba, nikaona haya.

Sasa Ornella. Anasema vijana wa umri wake saa yao ya ndani inachelewa, si kwa uvivu, ndivyo miili yao ilivyo miaka hiyo. Unamzimia taa saa tatu, lakini kichwani kwake jioni ndiyo kwanza inaanza. Analala pale macho wazi. Asubuhi unamgongea sahani, kichwani kwake ni usiku wa manane. Na usingizi unaomkatia ni ule wa mwishomwisho, ndio ambao ubongo unautumia kuhifadhi alichosoma. Ni sawa na kupanga katoni dépôt mchana kutwa halafu mtu akaja kuzimwaga kabla hujafunga mlango.

Na kuna jambo lingine lililonigusa. Ubongo una dawa yake, dopamine, unajipa kila ukifanikiwa. Ndiyo ule utamu wa kupata jibu. Nayo inafuata hiyohiyo saa. Saa ikivurugika, mtu anapata jibu na hasikii utamu wowote. Basi kwa nini ajisumbue kutafuta la pili?

Yaya, nakuomba mawili. Mwache alale mpaka saa kumi na moja na nusu. Na mwambie aniandikie yeye mwenyewe: anaenda kitandani saa ngapi, usingizi unakuja saa ngapi, anaamka saa ngapi. Nataka saa kamili.

Mdogo wako,
Paulin


Butembo, Jumanne 11 Machi 2025

Bwana Daktari,

Nimesoma bila kucheka mpaka kwenye punje ya mchele. Hapo nilishindwa.

Kwa hiyo mtoto wako ana saa kichwani, na inachelewa. Na ya kwangu je? Mimi nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa napanda kilima na mzigo wa mihogo jua halijatoka, na wewe juu ya mzigo. Hakuna daktari aliyekuja kuniuliza kichwani kwangu ni saa ngapi. Labda saa yangu iliibiwa.

Unasema alale mpaka saa kumi na moja na nusu. Na dépôt afagie nani? Katika nyumba hii kuna saa moja tu, ile ya mume wangu Ézéchias, na tangu aitundike pale ukutani hakuna aliyeigusa isipokuwa kuibadilishia pile, betri zake. Wafanyakazi wanaifuata, mimi naifuata, hata paka anajua saa ya chakula. Nikianza kumpa kila mtu saa ya kichwa chake, Jumamosi nitakuta dépôt imefungwa na kila mmoja yuko kwenye saa yake.

Mpaka leo fiche ina sahihi mbili. Siku saba za shule, sahihi mbili. Ninamgombeza usiku na asubuhi, na nikimaliza ninajiuliza kama ninamsaidia au ninamzika, na sina wa kumwuliza. Hilo ndilo linalonichosha kuliko katoni zote.

Barua ya Ornella imo humu. Ameifunga na gundi, sijaisoma. Nilitaka kuisoma.

Godelive


Butembo, 11 Machi

Papa,

Shangazi amesema niandike saa, basi naandika saa. Kwenda kitandani: saa mbili usiku. Usingizi kuja: saa tano. Kuamshwa: saa tisa na nusu usiku.

Utasema Shangazi alikuandikia saa tatu na saa kumi na nusu. Hakudanganya. Yeye anaandika saa ya Uganda. Saa ya sebuleni iko mbele saa nzima, na nyumba yote inaifuata: kula, kulala, sala, dépôt. Shuleni tu ndiko ninakoishi saa ya Congo. Nilidhani unajua. Wewe ndiye uliyenileta Septemba, ukakaa chini ya ile saa na chai yako, ukaitazama, ukasema: « Kumbe tumechelewa. » Ukaondoka mbio. Nilikuwa bado nataka kukuambia kitu.

Niliuliza mara moja, juma la kwanza. Shangazi akasema: « Kasindi kule mupakani banafanya na saa ya Uganda. Dépôt inafuata Kasindi, na weye unafuata dépôt. » Sikuuliza tena. Ninakula kwake.

Simu chini ya blanketi: nilikuwa nasoma chimie, kemia. Hakuna mvulana. Kama yuko, naye hajaambiwa.

Unataka kujua kuhusu hesabu. Zamani nikipata jibu nilisikia kitu hapa kifuani, kama sukari. Nilikuwa nafanya zoezi la pili kwa ajili ya ile sukari tu, si kwa ajili ya prof. Tangu Novemba napata jibu na hakuna kitu. Naandika jibu, natazama dirisha. Halafu prof ananigusa bega na darasa linacheka, maana nimelala. Zile sahihi mbili nilizipata kwa kujichoma na ncha ya kompasi kwenye kiganja.

Préfet anadhani ninamdharau. Shangazi anadhani nina pepo. Wewe sijui unadhani nini. Shangazi anasema unanisalimia, lakini akisema hivyo anatazama kabati.

Ornella


Beni, Alhamisi 13 Machi 2025, saa sita na nusu mchana
Nimelala muda wa saa saba. Nimekula. Nimeoga.

Yaya Godelive,

Nimeandika hayo yote hapo juu ili usipate mahali pa kutorokea. Nimekasirika nikiwa mzima kabisa.

Saa ya Uganda! Miezi sita, Yaya! Unaniambia nihesabu, nami nahesabu, saa tatu mpaka saa kumi na nusu, namwona binti yangu amelala usingizi wa mfalme, namtukana. Kumbe unamlaza saa mbili, wakati hata watoto wa jirani bado wanazunguka, na kumwamsha saa tisa na nusu usiku. Anapata saa nne na nusu za usingizi! Mimi kwenye zamu ninaiba dakika ishirini za usingizi kwenye benchi na wananilipa kwa kazi hiyo. Yeye anaibiwa na shangazi yake na anapewa pepo juu yake.

Anajichoma na kompasi, Yaya. Mwambie afungue kiganja uone.

Najua utasema Kasindi. Kasindi inamtaka Ornella kwa kitu gani? Kama ni kupokea gari la sukari, pokea na saa yoyote unayotaka, hata ya China. Lakini huyu mtoto amebaki na siku kumi na moja za shule na sahihi nane za kupata, na kama jina lake halimo kwenye orodha tarehe 28, nitajua ni nani aliyelifuta, na haitakuwa préfet.

Fanya hivi, nakuomba. Alale akisikia usingizi. Aamke saa kumi na moja na nusu ya Congo. Na badala ya kufagia dépôt gizani, afagie uwanja jua likitoka, mwanga umpige usoni. Daktari anasema hakuna dawa nyingine. Usimwache na simu usiku, hapo ulikuwa na haki.

Nakuheshimu. Lakini ishushe ile saa.

Paulin


Butembo, Jumatano 19 Machi 2025

Mdogo wangu,

Umenipiga maneno makali na mara hii siwezi kuyatia kwenye kopo, maana ulikuwa umelala, umekula, umeoga. Nimeyasoma mara tatu nimesimama. Halafu nikakaa.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile saa Ézéchias aliitundika mwaka tulioanza kuchukua bidhaa Bwera, ng'ambo ya mpaka. Kila alfajiri alisimama mbele yake na kikombe chake, akasema: « Bwera bamekwisha amuka », kisha akapiga simu. Alikuwa anapiga kelele kwenye simu kana kwamba anataka wamsikie bila simu. Nilikuwa nachukia kelele ile.

Alikufa, ni miaka kumi na moja sasa. Na ukweli, Paulin, ni kwamba siku hizi wa Bwera wananiandikia message wakati wowote, usiku, mchana, Jumapili. Hakuna hata mtu mmoja huko anayeningoja alfajiri. Nimekuwa nikiiamsha nyumba nzima kwa ajili ya mtu ambaye haamki. Nilijua. Ndiyo, nilijua. Lakini nikirudisha mshale nyuma, nilijiona kama ninamwambia: basi, tumeacha kukungoja.

Ijumaa jioni, barua yako ilipofika, nilimwita Ornella nikamwambia afungue kiganja. Sisemi nilichokiona. Kisha nikamwambia: panda kigoda, ishushe. Sasa iko dépôt, juu ya sukari, na inaendelea na Uganda yake. Nyumbani nimeweka ile ndogo nyekundu, ya Congo. Mpaka uko mlangoni pa dépôt, na hakuna douane wala ushuru.

Jumamosi niliamka saa tisa na nusu peke yangu. Mwili wangu umezoea, huo nao una saa yake, haya, nimekubali, usijivune. Nikakaa jikoni na sahani mkononi na sina wa kumgongea. Nyumba nzima inapumua. Nililia, nakuambia wazi, nililia mpaka jua likatoka, na nilipomaliza nilikuwa na njaa sana.

Ornella anaamka saa kumi na moja na nusu na kufagia uwanja. Jumatatu prof hakutia sahihi: amelala. Jumanne vilevile: amelala. Nikasema daktari wa Paulin ni mwongo na mimi nimemshusha mume wangu ukutani bure. Nilikuwa na hasira hata sala ilinishinda. Leo amerudi na sahihi. Ya tatu! Aliiweka mezani, akaenda kula, akala sahani mbili.

Zimebaki siku saba za shule na zinatakiwa sahihi saba. Siku moja ikianguka, tumekwisha. Sitakuandikia tena mpaka nijue.

Godelive


Butembo, Jumamosi 29 Machi 2025

Papa,

Lukman amepita sasa hivi. Amesema anafunga Ramadhani, amechoka, na Idi ikifika hataendesha gari hata kwa mfalme, kwa hiyo kama nina barua nimpe leo. Naandika haraka yeye akiegemea mlango.

Jana nilipata sahihi ya kumi. Préfet aliihesabu fiche mara mbili na kalamu, akaitazama kama anatafuta kosa, kisha akafungua orodha na kuniandika mbele yangu. Niko namba arobaini na moja. Shangazi nilipomwambia alinigombeza kwa nini sikuja mbio, halafu akanishika kichwa na mikono miwili.

Kiganja kimepona. Jumanne ya juma hili ndiyo ilikuwa siku mbaya, mvua ilipiga bati darasani na sauti yake inalaza, lakini nilisimama nyuma ya darasa saa nzima na prof akakubali. Na juzi Alhamisi, ile sukari ya kifuani ilirudi. Ilikuwa zoezi la mwisho, lile ambalo prof huliweka ili tushindwe. Jibu lilitoka, na nikasikia kifuani, nikacheka peke yangu kwa sauti. Prof akauliza: « Ornella, iko nini? » Nikasema hapana kitu. Kilikuwa kitu kikubwa sana, Papa. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Lakini kuna jambo lingine, na Shangazi halijui.

Siku ile nilipopanda kigoda kuishusha saa, mkono wangu uligonga kopo la maziwa. Shangazi alikuwa ameenda kufungua dépôt. Barua zilimwagika sakafuni, na ya juu ilikuwa inanizungumzia mimi. Nimesoma. Huyu mtoto hana kitu kichwani. Ungeliweka tumaini lako kwa mdogo wangu. Hunionei huruma. Nilizirudisha zote kwenye kopo, nikaishusha saa, nikaibeba mpaka dépôt kama nilivyoagizwa.

Shangazi alikuandikia kwamba Jumatatu na Jumanne za juma lililopita nililala darasani. Prof naye aliona hivyo. Sikulala. Jumatatu ile ndiyo ilikuwa siku ya kwanza tangu Septemba nisiyosikia usingizi hata kidogo. Nilifumba macho tu na kuweka kichwa mezani, kwa sababu sikuona nifanye hesabu kwa ajili ya nani.

Jumanne ile jioni nilirudi kwenye kopo. Nilitaka kuisoma tena, sijui kwa nini, labda kutafuta neno zuri nililoliruka. Halikuwepo. Basi nikasoma na nyingine. Nikaona ulivyomwita Shangazi mwizi. Nikaona ulivyosema juu ya Mama. Halafu nikaona saa juu ya kila moja, kumi usiku, kumi na nusu, tisa, na matundu ya kalamu. Nilijua hali hiyo, maana miezi mingi mimi mwenyewe nilikuwa nayo kila asubuhi mbele ya kikombe cha chai: kila mtu mbaya, na mimi mbaya kuliko wote. Jumatano nikafungua daftari.

Kwa hiyo sina hasira, au ninayo kidogo tu. Shangazi amenieleza maneno ya daktari wako, na naona ana haki. Usiku ule ulikuwa hujalala siku tano, na mwili wako ulikuwa unaona giza tupu. Lakini Papa, mkono ulikuwa wako. Naujua mwandiko, ndio ulionifundisha kuandika jina langu. Daktari hawezi kuniondolea hilo, na wewe usimtume ajaribu.

Nakuomba jambo moja, na ni la kweli, si la mtoto. Ukiwa zamu na usiku ukikubana, andika. Andika yote, toboa karatasi. Kisha itie mfukoni, nenda nyumbani, lala, ule, uoge. Halafu uifungue uisome wewe kwanza. Ukiona bado ni kweli, mpe Lukman ailete.

Binti yako,
Ornella

Saa nne asubuhi, ya Congo.